Kuchemsha mahindi ya ukungu hakuondoi sumu

Ujumbe huu unazunguka tena kwenye makundi ya wafugaji: "Mahindi yaliyoota ukungu usitupe. Yachemshe au yaanike juani, wape nguruwe, wao hawadhuriki."

Si kweli. Moto huua ukungu, lakini sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, iliyokwisha kuachwa ndani ya punje haiondoki kwa kuchemshwa sufuriani wala kwa jua la uani. Na nguruwe ni miongoni mwa mifugo inayoumizwa sana na sumu hiyo, hasa watoto walioachishwa kunyonya karibuni.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mnyama hafi siku hiyohiyo. Sumu kidogo kidogo huchosha ini na kudhoofisha kinga. Kitoto kinadumaa, manyoya yanasimama, kinaharisha, kinakohoa. Hata chanjo huenda isishike vizuri. Mfugaji analaumu baridi au dawa, kumbe tatizo liko kwenye gunia. Lishe duni, hasa yenye protini kidogo, huzidisha madhara.

Macho hayatoshi, kwani punje safi pia huweza kuwa na sumu. Uhakika ni kipimo cha maabara. Nyumbani huwezi kupima sumu, ila pima ukavu ili ukungu usiote ghalani: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta, mahindi bado yana unyevu mwingi mno kuhifadhiwa. Unyevu usizidi asilimia 13.5.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mwambie aliyekutumia, kwa upole, ukweli huu.