Je, wajua kwa nini ekuteri zilezile huwa na besi sikioni mwako lakini sikioni mwa ndugu yako hazina?

Nilinunua ekuteri, zile spika ndogo za kuingiza masikioni, sokoni Kadutu, hapa Bukavu, kwa dola 5. Mdogo wangu alizivaa kwa muda wa wimbo mmoja, akazivua na kunirudishia. "Yaya, walikuibia. Hizi hazina besi hata kidogo." Mimi nilikuwa nimezisikiliza jioni nzima, na besi ilikuwa inanitikisa hadi meno. Simu ileile, wimbo uleule. Tukabishana mpaka mama akatuambia tutoke nje.

Wala hakuna aliyedanganya.

Ndani ya ekuteri ya bei ndogo, kwa kawaida, mna sumaku, waya mwembamba uliozungushwa, na utando mwepesi wenye upana wa milimita 10 hivi. Umeme wa simu ukipita kwenye waya, utando unasukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Spika ya baa inalazimika kusukuma hewa ya chumba kizima, ndiyo maana utando wake ni mpana kama sinia. Ekuteri haina kazi hiyo. Yake ni tundu la sikio tu, njia yenye urefu wa sentimita 2.5 hivi kwa mtu mzima, inayoishia kwenye ngoma ya sikio. Hewa iliyomo ni kidogo mno, hata utando ukijongea kidogo tu, ngoma inaitika. Sharti ni moja: hewa hiyo iwe imefungiwa.

Fikiria pampu ya kujazia mpira, yenye kitundu kidogo ubavuni. Ukiisukuma polepole, hewa inatorokea kwenye kitundu na mpira haujai. Ukiisukuma kwa kasi, hewa haipati muda wa kutoroka yote, na unahisi mkono umekutana na ukinzani. Besi ndiyo ule msukumo wa polepole. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, huku mlio wa "s" mdomoni mwa mwimbaji ukipita mara elfu kadhaa. Kwa hiyo palipo na mwanya kati ya ekuteri na sikio, besi ndiyo ya kwanza kutoroka. Sauti nyembamba zinabaki, tena zinasikika kali kuliko ilivyotakiwa. Mwanya wenyewe unaweza kuwa mdogo usiouona kwa macho.

Na masikio hayafanani. Tundu la mmoja ni duara, la mwingine limebanwa kama yai. Njia yenyewe inapinda. Hata la kushoto na la kulia la mtu mmoja yaweza kutofautiana. Waliotengeneza vifaa hivi kwa ajili ya wanamuziki walilijua hilo mapema. Mwaka 1995, Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya Van Halen huko Marekani, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen ekuteri za jukwaani, na kazi hiyo ikazaa kampuni ya Ultimate Ears. Ekuteri za jukwaani za aina hiyo hufinyangwa kwa kufuata sikio la mvaaji mwenyewe. Zangu za dola 5 hazikufinyangwa kwa ajili ya mtu yeyote. Badala yake, ndani ya boksi mna jozi tatu za vipira: S (vidogo), M (vya kati) na L (vikubwa). Wengi wetu tunaacha zile M zilizokuja zimevishwa, nyingine zinapotelea kwenye droo, kisha tunalaumu China.

Kwa hiyo ukitaka kujua sauti ya ekuteri, anza na kipira kabla ya muziki. Vuta sehemu ya juu ya sikio kidogo kwa mkono wa pili, ingiza, kisha achia. Makelele ya soko yakipungua ghafla, umeziba. Ukibonyeza ekuteri kwa kidole na besi ikapanda sana, bado kuna mwanya: jaribu kipira kikubwa zaidi, au cha sponji kama muuzaji anacho. (Na tafadhali, futa kwanza. Ekuteri ya kujaribia imepita masikio mengi kabla ya lako.)

Sasa muuzaji. Atakuwekea wimbo wake kwenye simu yake, sauti mpaka mwisho: "Yaya, sikia, iko na besi ya nguvu!" Hapo unachezewa bila yeye mwenyewe kujua. Mwaka 1933, Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huzisikia besi kwa shida kuliko sauti za katikati. Ikiongezwa, besi nazo zinajitokeza. Ndiyo maana kati ya ekuteri mbili, ile inayopiga kwa nguvu zaidi karibu kila mara itaonekana bora, hata kama si bora. Ukilinganisha, rekebisha sauti ya kila moja mpaka mwimbaji asikike sawa kwa zote mbili, ndipo uamue. Tena tumia simu yako, kwa wimbo unaoujua kama njia ya kwenu.

Kwangu mimi hakuna kipimo kizuri kama rumba, na si kwa sababu UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021. Rumba inakupa kila kitu mahali pamoja: besi inayotembea, magitaa mawili au matatu yanayosukana, sauti za waimbaji wanaopokezana, halafu sebene, ile sehemu ya kucheza inayoongozwa na magitaa. Kwenye sebene, jaribu kufuata gitaa moja tu, lile la katikati. Ukiweza kulifuata bila kupotezwa na besi, ekuteri ni nzuri, iwe ya dola 5 au 50. Ikiwa magitaa yamekuwa uji mmoja, hapo besi imezidi. Kisha sikiliza habari za Kiswahili za Radio Okapi. Mtangazaji akisema "Bukavu, siku ya Jumamosi" na kila "s" ikakuchoma kama sindano, zirudishe, maana baada ya saa moja utakuwa na kichwa kizito.

Maandishi ya boksi yaruke. "20 Hz hadi 20,000 Hz" (Hz ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde) hutajwa kuwa ndiyo mipaka ya usikivu wa binadamu, na huchapishwa hata kwenye ekuteri mbovu kabisa, kwa sababu hayasemi ni kwa nguvu gani kila sauti inatoka.

Starehe ni kesi nyingine, na sokoni huwezi kuimaliza. Dakika mbili za kwanza kila ekuteri ni laini. Maumivu huja baada ya nusu saa, pale plastiki inapoegemea gegedu la sikio, au kipira kikubwa kinaposukuma kuta za tundu. Nilichojifunza ni kuzivaa nikila. Taya likitembea, njia ya sikio nayo hubadilika umbo. Ekuteri inayoponyoka ukitafuna sambaza, wale samaki wadogo, itaponyoka pia ukiongea na simu.

Halafu kuna jambo ambalo sisi watu wa milima tunalijua bila kulipa jina. Panda kutoka Nyawera kuelekea Kadutu ukiwa umeziba masikio vizuri: kila hatua inapiga ndani ya kichwa, dum, dum, na sauti yako mwenyewe inavuma kama uko ndani ya pipa. Ekuteri haijaharibika. Mtikisiko wa mwili hupita kwenye mifupa hadi kwenye tundu la sikio. Tundu likiwa wazi, mtikisiko huo hutoka nje, likizibwa unabaki ndani. Ni bei ya besi nzuri. Waya unaokwaruza shati, hata hivyo, una dawa: upitishe juu ya sikio, kisha nyuma ya shingo.

Kuziba vizuri kunakupunguzia pia haja ya kupandisha sauti ili kushindana na jenereta na motari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukiongeza desibeli 3 tu, saa zinakatwa nusu. Barabarani lakini zivue, kwa sababu hutaisikia pikipiki.

Mdogo wangu nilimkalisha, nikatafuta vile vipira kwenye droo. Kulia M ilitosha. Kushoto ilibidi L. Alifumba macho, akanyamaza wimbo mzima, kisha akauliza kama naweza kumwachia mpaka Jumapili. Leo ni Alhamisi ya wiki ya pili.