Papaini ni nini?

Muuza mishkaki wa Mtwara anaijua papaini, ila haiiti hivyo. Akiona nyama ni ya ng'ombe mzee, anakwaruza papai bichi, anaichanganya, anaiacha kidogo. Inalainika. Akipitiwa na usingizi mpaka asubuhi, nyama haishiki kwenye kijiti, nje imekuwa uji. Niliwahi kuuziwa ya namna hiyo Mikindani. Meno hayakuwa na kazi.

Papaini ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kilichomo kwenye ule utomvu mweupe unaotiririka ukilichanja papai bichi, unaowasha vidole vya anayemenya. Papai likiiva utomvu hupungua sana, kwa hiyo lililoiva wewe kula tu.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, na kinachounga pete moja na nyingine huitwa kifungo cha peptidi. Papaini hukata vifungo hivyo. Yenyewe pia ni protini, yenye asidi amino 212, na makali yake yako kwenye ile ya 25: sisteini, yenye salfa. Salfa hiyo ikiathiriwa na oksijeni, kisu kinakuwa butu, ndiyo maana maabara huitilia sisteini nyingine ya kuinoa kabla ya kazi. Joto la nyuzi 60 haliisumbui.

Tripsini, mwenzake wa kwenye utumbo wetu, hukata penye asidi amino mbili tu, lisini na arjinini. Papaini haichagui sana. Sasa ajabu ni hii: mwanasayansi Rodney Porter, akiwa London, aliitia kwenye kingamwili za sungura, yaani protini za damu zinazoshika vijidudu na maadui wengine wa mwili, na badala ya kupata makombo akapata vipande vitatu vinavyokaribiana ukubwa. Matokeo aliyachapisha 1959. Kingamwili imekunjwa ikakazana, isipokuwa pale kiunoni palipolegea, na kisu kinaingia hapo. Vipande viwili vilikuwa bado vinashika adui. Cha tatu hakishiki, ila kiliganda kuwa fuwele. Kwa kazi ya kufumbua umbo la kingamwili, Porter na Gerald Edelman wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Papaini ikiachwa muda mrefu, hata vipande hivyo huanza kukatwakatwa. Maabara huisimamisha kwa iodoasetamidi, inayoiziba ile salfa. Muuza mishkaki huisimamisha kwa mkaa.