Kurudi kwenye usukani baada ya kiharusi: simuleta inasaidia nini?

Baba alipata kiharusi, lakini sasa anatembea bila fimbo. Si anaweza kuendesha?

Mguu kupona hakutoshi. Kiharusi kikiumiza ubongo upande wa kulia, mgonjwa anaweza kuacha kabisa kuzingatia vitu vya kushotoni kwake, hata kama macho yake ni mazima. Mezani anakula wali wa nusu ya sahani na kusema amemaliza. Barabarani, mwendesha baiskeli aliye upande huo ni kama hayupo. Linalotisha zaidi ni kwamba mara nyingi mwenyewe hatambui kasoro hiyo. Kwa hiyo msimrudishie funguo kwa sababu tu anasema anajisikia vizuri.

Simuleta ya udereva ni nini?

Ni gari lisilotoka mahali pake, lenye usukani, breki na skrini inayoonyesha barabara. Mkufunzi analeta mtoto anayevuka ghafla. Mgonjwa akimgonga hakuna anayeumia, na zoezi linarudiwa hadi ajizoeze kuangalia upande anaousahau.

Kuna ushahidi?

Upo. Mwaka 2005 Abiodun Akinwuntan na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Ubelgiji kwa wagonjwa 83 wa kiharusi. Wote walipewa mafunzo ya saa 15 ndani ya wiki 5, wengine kwenye simuleta, wengine kwa mazoezi ya akili yanayohusu udereva. Walipopimwa rasmi miezi 6 hadi 9 baada ya kiharusi, asilimia 73 ya kundi la simuleta waliruhusiwa kuendesha tena, dhidi ya asilimia 42 ya wenzao. Miaka 5 baadaye tofauti hiyo haikuonekana tena, na kwa maoni yangu hilo linadai mgonjwa apimwe upya kila baada ya muda.

Ina madhara?

Baadhi hupata kichefuchefu na kizunguzungu, hasa wazee, kwa kuwa macho yanaona mwendo ambao mwili hausikii. Mwambie mkufunzi mapema. Vipindi vifupi husaidia.

Akifaulu kwenye simuleta, basi?

Bado. Daktari lazima aridhike, kisha apimwe barabarani na mtaalamu. Sheria hutofautiana: Uingereza, kwa mfano, hairuhusu kuendesha gari kwa angalau mwezi mmoja baada ya kiharusi. Na akiwahi kupata degedege, daktari aambiwe kabla hajagusa usukani.