Chrysler TC by Maserati si LeBaron iliyobandikwa nembo

Nani aliwaambia TC ni LeBaron (gari jingine la Chrysler) yenye nembo ya Maserati ya Italia? Sura zinafanana, sawa. LeBaron mpya iliingia sokoni 1987, TC ikachelewa hadi modeli ya 1989, ndiyo maana ikaonekana nakala. Lakini chini yake kuna chasi ya Dodge Daytona iliyofupishwa, na gari liliungwa Milano. Usinunue mlango wa LeBaron ukidhani utaingia. Hauingii.

Wapo pia wanaofungua boneti kuitafuta Italia. Watakuta 2.2 turbo ya Chrysler, farasi 160, otomatiki ya gia 3. Au kuanzia 1990, V6 3.0 ya Mitsubishi. V6 ikitoa moshi wa bluu, chunguza bushi zinazoongoza vavu (valve guides) kabla ya kulaumu ringi za pistoni. Huwa zinateleza kwenye hedi. Otomatiki yake ya gia 4 haitaki mafuta ya giaboksi ya Dexron. Weka ya ATF+4, basi.

Injini inayoitwa "ya Maserati" ilifungwa kwenye magari kama 500 tu kati ya 7,300 hivi. Na hiyo nayo? Bloku ya Chrysler, hedi ya vavu 16 iliyosubiwa na Cosworth Uingereza na kumaliziwa Italia, turbo ya IHI ya Japani, giaboksi ya Getrag ya Ujerumani. Farasi 200. Bloku utaihudumia kwa spea za kawaida. Hedi ikipasuka, anza kusali.

Kinachowatoa watu jasho hasa ni breki za ABS (zinazozuia tairi kujifunga) za kampuni ya Teves. Hazina buster ya vakyumu, ile inayosaidia mguu kukanyaga breki: pampu ya umeme hujaza shinikizo kwenye tufe lenye naitrojeni. Kabla ya kulegeza bomba lolote, zima swichi, kanyaga pedali angalau mara 25 mpaka iwe ngumu. Ukiruka hatua hiyo, mafuta ya breki yatakurukia usoni. Kulipima tufe, washa swichi, subiri pampu inyamaze, kanyaga taratibu. Pampu ikilia kila mkanyago, tufe limekufa. Usikimbilie kubadilisha pampu, maana inaungua kwa sababu ya tufe hilohilo.

Tatizo ni kwamba tufe "jipya" lililokaa kwenye boksi tangu 1990 si jipya: naitrojeni hupungua hata lisipofungwa. Nikikosa lingine nalifunga kwa shingo upande, halafu nahesabu upya mikanyago kabla pampu haijalia.