Kifafa na michezo ya kufungana chumbani: asipojibu, acha

Swali hili huja mwishoni kabisa. Mgonjwa ameshasimama, karatasi ya dawa mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye kitasa cha mlango: "Daktari, na mambo ya chumbani je?" Ukimrudisha akae, mara nyingine linatoka jambo ambalo hakupanga kulisema kliniki. Yeye na mwenza wake hupenda kufungana kamba, kuzibana macho, kupigana vibao, mmoja kuamuru na mwingine kutii. Michezo hiyo kwa ujumla wake hujulikana kwa herufi BDSM. Makala haya ni kwa watu wazima walioafikiana kwa hiari kuicheza, na mmoja wao ana kifafa. Asiyependa mambo hayo hashurutishwi, ila naona heri yasemwe wazi kuliko watu kubahatisha gizani.

Kwanza niondoe hofu moja. Tendo la ndoa lenyewe ni nadra sana kuleta kifafa. Wanaoangushwa nalo moja kwa moja wapo, lakini ni wachache mno. Kinachowaangusha wengi ni yale yanayotangulia usiku huo: dozi iliyorukwa, usingizi uliokosekana siku mbili tatu, pombe, hasa saa zile inapoanza kuisha mwilini. Ongeza tramadoli, ambayo baadhi ya wanaume huimeza ili wachelewe kumaliza. Dawa hiyo inaweza kumletea degedege hata mtu asiye na kifafa, sembuse mwenye nacho. Kwa hiyo kama leo dawa hazijamezwa au hamjalala vizuri, kamba zikae kabatini.

Sasa tuje kwenye kiini. Wanaocheza michezo hii huwa na neno la kusimamisha, wanalokubaliana mapema. Neno lolote lisiloweza kutoka mdomoni kwa mahaba linafaa, tuseme "stendi". Likitamkwa, kila kitu kinasimama papo hapo. Ni utaratibu mzuri, lakini kwa mwenye kifafa una tundu kubwa: aliyeshikwa na kifafa hawezi kulitamka.

Watu wengi wakisikia kifafa huwaza mtu aliyeanguka, anatupa mikono na povu linamtoka. Kipo kingine kisichoangusha. Macho yanakodoa pasipo kutazama kitu, mdomo unatafunatafuna mate, vidole vinachezeachezea ncha ya shuka. Ukimwita haitiki. Dakika moja au mbili kinapita, naye pengine hakumbuki lolote. Hebu mfikirie mtu huyo akiwa amefungwa kitambaa usoni na ameamriwa anyamaze. Mwenzake atauona utulivu ule na kudhani anatiiwa, kisha ataendelea.

Ndiyo maana nawashauri waugeuze utaratibu. Neno la kusimamisha libaki, lakini juu yake mwenye kufunga awe anauliza kila baada ya dakika moja au mbili, na aulize kitu kinachotaka jibu lenye akili: leo siku gani, jana tulikula nini. Mguno au kutikisa kichwa hakutoshi. Jibu lisipokuja, au likija la ovyo, mchezo umekwisha na mafundo yanafunguliwa. Kwa sababu hiyohiyo mdomo usizibwe, na macho ni bora yabaki wazi, maana ndiyo yanayotangulia kutoa habari. Kuziba mdomo kuna hatari nyingine pia: mate na matapishi yakikosa njia hurudi kwenye njia ya hewa.

Kufungwa kwenyewe kunahitaji tahadhari zaidi. Kifafa kikubwa hukaza misuli yote kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuitoa kwa hiari yake. Hata akiwa hajafungwa, nguvu hiyo inaweza kutegua bega au kuvunja mfupa; mikono ikiwa imefungwa mgongoni au imenyoshwa hadi kwenye nguzo za kitanda, madhara huzidi. Tena dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini zikitumiwa miaka mingi hupunguza uimara wa mifupa. Kwa ambaye bado anaanguka mara kwa mara, ushauri wangu ni asifungwe kabisa. Ambaye kifafa chake kimetulia, mikono iwe mbele, kwa kitambaa kipana na fundo linaloachia kwa kuvuta ncha moja, pasipo kuunganishwa na kitanda. Pingu za chuma sizipendi: hukata ngozi na ufunguo hupotea wakati unapohitajika. Mkasi wa bandeji, ule wenye ncha butu, uwe mahali mkono unafika. Asilazwe kifudifudi, asining'inizwe, asiachwe peke yake hata kidogo.

Kubana shingo hapana. Sina namna salama ya kukufundisha. Damu ikizuiwa kwenda kwenye ubongo mtu huzirai ndani ya sekunde chache, na ubongo uliokosa hewa unaweza kuleta degedege kwa yeyote yule.

Vibao ni jambo dogo kidogo, mradi kichwa, shingo na sehemu ya figo viachwe. Anayetumia valproeti ajue kuwa dawa hiyo inaweza kupunguza chembe zinazogandisha damu. Akiona anavilia damu kwa kuguswa tu, aache na aje kupimwa. Mshumaa unaowaka kitandani usiwepo.

Na kama mwenye kifafa ndiye anayefunga? Hili husahaulika. Akianguka yeye, aliyefungwa anabaki akimtazama bila kuweza kusaidia. Basi aliyefungwa awe anaweza kujifungua mwenyewe, na simu iwe karibu naye.

Kifafa kikija, tazama saa. Kata kamba, usihangaike kufungua mafundo. Usimkandamize, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnusishe kiatu. Ondoa vya kumuumiza, mitukutiko ikipungua mlaze ubavu, mdomo uelekee chini kidogo. Ikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitali. Najua kinachochelewesha: watu huanza kutafuta nguo na kuficha kamba. Mfunike shuka uombe msaada. Ukifika, mweleze mhudumu ukweli, hasa kama shingo ilibanwa, kwa sababu matibabu yanabadilika.

Akizinduka atafungua macho, pengine atatabasamu na kusema yuko sawa. Akili bado haijarudi yote. Inaweza kuchukua dakika kadhaa au masaa. Katika hali hiyo hawezi kutoa ridhaa ya chochote, hata aseme endelea. Usiku huo ni wa kulala.

Jambo la mwisho kwa wanawake: kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviathiriwi hivyo. Mtajie muuguzi wa uzazi wa mpango dawa yako ya kifafa kabla hajakuchagulia njia.