Umefika Marekani, mwili bado uko Dar: maswali ya siku za mwanzo

Tuchukue safari moja ya mfano. Unatoka Dar es Salaam mwezi wa Oktoba, unabadilisha ndege Amsterdam, unashukia Minneapolis, jimbo la Minnesota, kukaa miezi miwili kwa marafiki uliosoma nao. Saa za huko ziko nyuma ya za nyumbani kwa saa 8, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, wanaporudisha saa nyuma, tofauti inakuwa 9. Shida nyingi za wiki ya kwanza zinaanzia hapo. Nyingine, niseme ukweli, zinaletwa na wenyeji wenye upendo mwingi.

Kwa nini nasinzia mezani jioni, halafu usiku wa manane macho makavu?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo mno inayopanga saa za usingizi, njaa, joto la mwili na hata kwenda haja. Yenyewe haina habari kwamba ulipanda ndege. Ikifika saa 10 jioni Minneapolis, kwake ni saa 6 usiku, ndiyo maana kope zinakuwa nzito na watu wanadhani umechoshwa na maongezi yao. Ukiamka saa 8 usiku kama mtu aliyekwisha kulala, ni kwa sababu Dar ni saa 4 asubuhi na mwili unangoja chai.

Saa hiyo ya ndani husogea kwa kadiri ya saa moja kila siku, kwa hiyo jipe wiki moja au zaidi kidogo. Tena hapo una nafuu: kwa watu wengi siku ya mwili ni ndefu kidogo kuliko saa 24, hivyo kwenda magharibi, ambako siku inarefuka, ni rahisi kuliko kurudi mashariki. Taabu kubwa huenda ikakukuta Dar ukisharudi.

Wenyeji wamenifungia mapazia ili nipumzike. Ni sawa?

Wanakutakia mema lakini wanakuchelewesha. Kinachoisogeza saa ya mwili kuliko kitu kingine chochote ni mwanga, na wakati wake una maana. Kwa safari hii unauhitaji mwanga wa kuanzia mchana hadi jua linapozama, kwa sababu mwili unauchukulia kama mwanga wa usiku wa manane wa Dar na unajisogeza mbele ya hapo, yaani unachelewesha usingizi. Ukiamka usiku wa huko ukafungua simu, mwanga ule unakuvuta upande usiotakiwa. Iache simu, kaa gizani, hata kama usingizi hauji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa afya ya msafiri mimi ningempa jembe siku ile ile ya kwanza, na kwa Oktoba ya Minneapolis jembe lenyewe ni reki: majani yamejaa uani, toka ukayakusanye alasiri. Ukizidiwa kabisa lala nusu saa, kabla ya saa 9 alasiri, na umwombe mtu akuamshe bila huruma. Pilau ya saa 5 usiku kwa heshima ya mgeni ihamishiwe saa 1 jioni, maana tumbo nalo lina saa zake. Wasikuonee haya kukwambia, nawe usione haya kuwaambia.

Nimeze vidonge vya usingizi?

Visivyo vyako, hapana. Melatonini huuzwa kule bila cheti cha daktari na huwasaidia wengi ikinywewa wakati wa kulala wa huko, kwa siku chache. Mwenye kifafa au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Miguu imevimba, viatu haviingii. Niogope?

Ikiwa imevimba yote miwili, haiumi, na inapungua ndani ya siku moja au mbili, ni matokeo ya kukaa kwenye kiti muda mrefu. Inua miguu, tembea, punguza chumvi.

Mguu mmoja ukivimba peke yake, shavu la mguu likauma au kupata joto, hiyo ni habari nyingine: huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hatari hiyo huongezeka kwa safari za zaidi ya saa 4, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, au aliyewahi kuganda damu, na inaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kushuka. Ukiongezea kifua kuuma au pumzi kukata, piga 911, namba ya dharura ya kule, papo hapo.

Na dawa zangu za presha na sukari?

Zisafiri kwenye begi la mkononi, katika vifurushi vyake, pamoja na cheti cha daktari kilichoandikwa kwa Kiingereza. Insulini iliyowekwa kwenye mzigo wa chini ya ndege inaweza kuganda na kuharibika. Siku ya kusafiri inarefuka kwa saa 8, kwa hiyo anayejidunga insulini akapangiwe ratiba na daktari wake kabla ya kuondoka. Wa vidonge, usimeze mara mbili ili kufidia.

Siku ya tisa nimeshikwa na homa. Wenyeji wanasema ni mafua ya baridi.

Inawezekana, maana Oktoba ndipo msimu wa mafua unapoanza kule. Lakini dalili za malaria huanza kwa kawaida siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo yule wa usiku wa kuagwa Dar bado yumo kwenye hesabu. Daktari wa Minnesota hakutani na malaria kila wiki kama wa Temeke. Asipojua ulikotoka, anaweza kukupa dawa ya kushusha homa na kukurudisha nyumbani.

Basi sentensi ya kwanza mdomoni iwe: "Nimetoka Tanzania, nilifika tarehe fulani, naomba nipimwe malaria leo." Leo hiyo hiyo, si Jumatatu. Dawa mseto uliyoweka begini usiianze kwa kubahatisha. Ugonjwa ukiwa mwingine utakuwa umepoteza siku tatu.

Gharama za hospitali kule ni nzito, kwa hiyo bima ya safari ikatwe kabla ya kupanda ndege, na namba yake awe nayo mwenyeji pia. Mchana wenyeji watakuwa kazini. Andika anwani ya nyumba unayokaa kwenye karatasi uibandike mlangoni kwa ndani, kwa sababu ukipiga 911 watakuuliza uko wapi, na "kwa rafiki yangu" haitawafikisha.