Afya katika Sera Zote: Mfano wa Mkulima wa Tumbaku Tabora

Afya katika sera zote ni namna ya kutunga sera ambayo kila sekta, iwe ya kilimo, maji, ujenzi au biashara, hutakiwa kupima jinsi uamuzi wake utakavyogusa afya za watu kabla uamuzi huo haujapitishwa. Mzizi wake umo katika Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, tamko la kimataifa kuhusu huduma za afya ya msingi, lililozitaja sekta kama kilimo, elimu na makazi kuwa zina wajibu kwa afya. Jina lenyewe lilienea baada ya Ufini kulipigia debe mwaka 2006 ilipokuwa na zamu ya kuongoza Umoja wa Ulaya.

Anayetaka kuielewa dhana hii mkoani Tabora asianzie hospitalini. Aende Urambo, Kaliua au Sikonge msimu wa kuchuma tumbaku. Jani lililolowa umande au mvua hutoa nikotini inayopenya ngozini, na mchumaji asiyevaa glavu wala koti la mvua hupatwa na kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika, dalili ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa ni za malaria. Mganga wa zahanati atampa nafuu, lakini hana uwezo juu ya kinachomrudisha shambani kesho yake alfajiri. Mkulima huyo hupata mbolea na viuatilifu kupitia chama cha msingi cha ushirika, kwa mkopo unaokatwa tumbaku inapouzwa. Masharti ya mkopo yakitaka glavu na koti viambatane na mbolea, maofisa wa ushirika watakuwa wamezuia ugonjwa ambao daktari angeutibu tu. Ndivyo ilivyo pia kwa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto: muundo wake huamua kiasi cha kuni za miombo kitakachochomwa na moshi atakaouvuta mchochea moto.

Wapo wanaodhani kuwa dhana hii inaipa Wizara ya Afya mamlaka juu ya wizara nyingine, jambo ambalo si kweli. Ugumu wake uko kwingine: tumbaku huleta fedha za kigeni, huku Tanzania ikiwa iliridhia mwaka 2007 mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Ibara yake ya 17 inahimiza wakulima wawezeshwe kupata shughuli mbadala zenye faida. Kwa maoni yangu, mahubiri ya afya hayatamhamishia mkulima kwenye alizeti au karanga ikiwa mazao hayo hayana mkopo wa pembejeo wala mnunuzi wa uhakika, na hayo mawili hupangwa na watu wa kilimo, fedha na biashara.